Kabla hujanunua ruta nyingine, jifunze maneno haya ya mawimbi

Nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, ilikuwa imeshabadilisha ruta mara mbili nilipoitwa. Kila asubuhi wakati wa chai, waifai ya ukumbini inakatakata, na ikifika saa nne inatulia yenyewe. Mafundi walionitangulia walitazama simu, wakaona vistari vimejaa, wakasema ruta mbovu. Mwaka wangu wa kwanza kazini ningesema vivyo hivyo, kwa kuwa maneno ya kazi hii sikuwa nayo. Nitakupa yale ya mwanzo kwa kutumia ukumbi ule ule.

Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Megahezi moja ni mitetemo milioni moja, na gigahezi moja ni bilioni moja. Waifai nyingi hukaa kwenye bendi, yaani kipande cha masafa, ya gigahezi 2.4 au ya 5. Ile ya chini hupenya kuta vizuri zaidi, na kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene haswa. Ndiyo maana kila mtu amejazana humo.

Bendi hugawanywa chaneli, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi. Katika 2.4, chaneli 1 ina kitovu chake kwenye megahezi 2412, na kila inayofuata iko megahezi 5 mbele. Lakini upana wa chaneli ni kama megahezi 20, kwa hiyo zilizo jirani zinapandana. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Ukimkuta jirani kwenye 6, usihamie 4 ukidhani umemkwepa. Afadhali hata mkae pamoja kwenye 6, maana vifaa vya chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Ukiwa 4, ninyi wawili mnageuka kelele tu, kila mmoja kwa mwenzake.

Nguvu ya mawimbi husomwa kwa dBm, yaani desibeli zikilinganishwa na miliwati moja. Sifuri ni miliwati moja kamili. Waifai inayokufikia ni ndogo mno, kwa hiyo utasoma namba hasi. Iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 80 ni dhaifu. Usizisome kama shilingi. Desibeli 3 ni mara mbili, 10 ni mara kumi, 30 ni mara elfu moja.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni sakafu ya kelele: kiwango cha mawimbi yasiyo na maana ambayo yapo hewani wakati wote. Kinachoamua kama utafungua ukurasa ni pengo kati ya mawimbi yako na sakafu hiyo, ambalo kwenye vifaa limeandikwa SNR. Ukumbini nilisoma mawimbi hasi 58 na kelele hasi 92. Pengo ni 34, raha tupu. Jikoni, nyuma ya ukuta, wakawasha maikrowevu kupasha vitumbua. Kelele ikapanda hadi hasi 65. Pengo likabaki 7, na vistari vya simu havikupungua hata kimoja.

Maikrowevu hufanya kazi karibu na megahezi 2450, katikati ya bendi ile. Programu ya kukagua waifai kwenye simu haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu inaorodhesha mitandao tu. Kuona kila kinachotoa mawimbi kunahitaji kichanganuzi cha masafa. Angalia kabla ya kununua: vijiti vingi vya USB vya bei nafuu vya kupokea redio, ambavyo watu huvigeuza vichanganuzi, huishia karibu gigahezi 1.7, havifiki kwenye waifai. Mimi natumia HackRF One, inayofika gigahezi 6.

Kwenye kioo utaona mchoro wa vilima, masafa yakienda kulia na nguvu ikipanda juu. Chini yake kuna maporomoko, ambapo kila mstari mpya unausukuma wa zamani chini, hata uone nini kilitokea dakika iliyopita. Pima pale pale mtu anapolalamikia, na saa ile ile. Ningefika nyumba ile alasiri, nisingeona kitu.

Ruta yao ilikuwa nzima. Tuliweka kituo cha waifai cha gigahezi 5 ndani ya ukumbi wenyewe, upande wa mbali na jiko, na chai ikaendelea kupashwa.