Sarafu inayojitokeza bila kuguswa

Wanafunzi wangu wa hapa Goma wanakariri vizuri kwamba mwanga unapinda ukitoka majini kwenda hewani. Ukiwauliza kwa nini, kimya. Basi tujionee wenyewe.

1. Chukua sufuria, weka sarafu katikati. Franka zetu ni noti tupu, kwa hiyo omba sarafu ya Rwanda kwa mtu anayevuka mpaka wa Petite Barrière. Igandishe kwa sabuni kidogo, maji yasije yakaisukuma.

2. Rudi nyuma polepole mpaka ukingo wa sufuria uifiche sarafu. Simama hapo hapo, usiinue kichwa.

3. Mwenzako amimine maji taratibu. Sarafu itajitokeza.

Ndani ya maji mwanga unakwenda kilomita 225,000 hivi kwa sekunde. Ukifika hewani unashika karibu 300,000. Fikiria mkokoteni wa magurudumu mawili unaotoka kwenye changarawe za volkano na kupanda lami kwa mshazari. (Chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa kusukuma, haifai hapa, magurudumu yake yanafuatana.) Gurudumu lililotangulia kugusa lami linakimbia, lingine bado linahangaika kwenye mawe, na mkokoteni unageukia upande wa lile lililochelewa. Mwali wa mwanga nao unainamia uso wa maji vivyo hivyo, unapita juu ya ukingo, unafika jichoni. Jicho halina habari ya kona hiyo. Linadhani mwanga umekuja moja kwa moja, na linaiona sarafu juu kuliko ilipo.

MASWALI

Mwalimu, nikitazama kutoka juu, wima? (Birere)

Mwali wa wima haupindi, maana magurudumu yote yanafika lami pamoja. Miali ya kandokando yake inapinda kidogo, ndiyo sababu maji ya sentimeta 12 yanaonekana kama ya 9. Ukienda kuogelea Kivu, usiamini kina unachokiona.

Nimejaribu na mafuta ya kupikia. Sarafu imepanda zaidi, ama ni macho yangu? (Himbi)

Macho yako mazima. Mafuta yanauchelewesha mwanga kuliko maji, ingawa ni mepesi na yanaelea juu yake. Uzito si kipimo.

Maji yanauchelewesha kwa nini? Unagongana nayo? (Katindo)

Ungegongana, ungetawanyika kama taa ya gari ndani ya ukungu. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku: unatikisa elektroni za maji, yaani chembe ndogo mno zenye umeme, nazo zinatoa mawimbi yao yaliyochelewa kidogo. Yakichanganyika na lile la kwanza, wimbi zima linasonga polepole. Likitoka majini, mwendo wake unarudi palepale.