Somo: Kumchagulia mlenga shabaha mpya bastola ya .22

Mama mmoja wa Njoro alifika kwenye uwanja wetu wa shabaha hapa Nakuru akiwa karibu kukata tamaa. Jamaa yake alikuwa amemfundisha kwa bastola ya milimita 9, na risasi zake zote zilikuwa zikipiga chini ya karatasi. Nilimwomba magazini, nikageuka, nikaijaza risasi za kweli pamoja na mbili za bandia, kisha nikamrudishia bila kumwambia zile za bandia ziko wapi. Alipofikia ya kwanza hapakutoka mlio wowote, lakini mtutu ulizama upana wa vidole viwili, kama mkono wa mtu anayegonga msumari. Aliuona mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umeanza kuukimbia mlio kabla mlio haujatokea, na maelezo yangu ya mdomo yasingaliweza kumwonyesha jambo hilo waziwazi namna ile.

Alasiri hiyo alifyatua risasi mia moja kwa bastola ya chama ya .22, yaani ya risasi nyembamba ya karibu inchi 0.22, na alipofika kama ya sitini mkono ukatulia. Ninaliandika somo hili kwa ajili yake na kwa wanachama wengine wanaotaka kununua bastola ya kwanza, kwa sababu naona wengi wanachagua kwa macho, wakati anayepaswa kuchagua ni mkono. Bastola ya mwanafunzi ni ile inayomwezesha kufyatua mara nyingi bila kushtuka, na bila kuogopa bei ya risasi.

Hatua ya kwanza: cheti kabla ya bastola

Udogo wa risasi haupunguzi uzito wa sheria. Bastola ya .22 ni silaha kamili chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na raia hawezi kuimiliki bila cheti kinachotolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha baada ya mwombaji kuchunguzwa. Usimlipe muuzaji hata shilingi moja ya arubuni kabla hujajua kwamba umekubaliwa, na usichukue bastola ya rafiki ukae nayo nyumbani kwa jina la mazoezi. Nunua pia sefu ya chuma na uifunge kwa bolti ukutani au sakafuni kabla bastola haijaingia mlangoni mwako. Katika hatua hii sina ushauri mwingine zaidi ya kuifuata yote.

Hatua ya pili: ielewe risasi yenyewe

Risasi tunayoizungumzia ni .22 Long Rifle, ambayo imekuwapo tangu 1887. Katika risasi za milimita 9, fataki inayowasha baruti ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22 fataki haionekani, kwa kuwa unga wake umepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako, na pini ya bastola huuponda ukingo huo ili kuuwasha. Ndiyo sababu ganda lake ni jembamba, bei yake ni ya chini, na haliwezi kujazwa tena kwa njia ya kawaida. Ndiyo sababu vilevile risasi hii hukataa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko zile za fataki ya katikati, maana unga usipoenea vizuri kwenye ukingo, pini inaweza kugonga mahali pasipo na kitu.

Kichwa cha kawaida cha .22, yaani kipande kinachoruka kwenda shabahani, kina uzito wa takriban gramu 2.6, wakati cha milimita 9 kilicho chepesi kina kama gramu 7.5. Katika tofauti hiyo ndimo lilimo teke dogo, yaani msukumo mdogo wa bastola mkononi, ambalo mwanafunzi analihitaji. Hata hivyo teke dogo lisimdanganye mtu, kwa kuwa kichwa hicho kidogo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na ukuta wa udongo nyuma ya shabaha ni wa lazima kama ulivyo kwa bunduki kubwa. Mlio wake nao hupita desibeli 140 unapotoka kwenye mtutu mfupi, kwa hiyo vizuia sauti vya masikio na miwani havina mjadala.

Angalia pia maandishi kwenye boksi na kwenye mtutu. Ipo .22 Short, ipo Long Rifle, na ipo Magnum, na kila bastola hupewa ile iliyoandikwa kwenye chuma chake.

Hatua ya tatu: pima mkono

Mwambie muuzaji akuonyeshe kwamba bastola ni tupu, kisha uangalie wewe mwenyewe: magazini nje, slaidi (sehemu ya juu inayovutwa) nyuma, jicho kwenye chemba (tundu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kidole kidogo ndani ya chemba. Baada ya hapo ielekeze mahali salama na uishike juu kabisa, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikigusa sehemu ya juu ya mpini, na mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono. Bila kuugeuza mkono, leta kidole kwenye kifyatulio. Kinachopaswa kukigusa ni katikati ya nyama ya pingili ya kwanza. Ikiwa ni ncha tu inayofika, mpini ni mnene mno kwako, na kila ukivuta utausukuma mtutu pembeni. Ikiwa kidole kimepita hadi kwenye kiungo, mpini ni mwembamba mno.

Angalia pia kama upande wa kidole unasugua mwili wa bastola. Uwazi mdogo, hata wa unene wa sarafu, unatosha kukiacha kidole kitembee peke yake. Bastola yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya mng'ao wake, na mpini wake ulikuwa wa mkono wa mtu mkubwa kuliko mimi. Nilihangaika nayo mwaka mzima nikiamini macho yangu yana kasoro, hadi mzee mmoja uwanjani aliponigeuza kiganja na kunionyesha alama nyekundu mahali pasipopaswa kuwa na alama.

Hatua ya nne: linganisha uzito wa bastola na uzito wa kifyatulio

Jambo hili halielezwi vya kutosha. Glock 44, iliyoingia sokoni 2020, haifiki nusu kilo ikiwa tupu, wakati Ruger Mark IV yenye mtutu mnene wa shabaha ina uzito wa karibu kilo moja. Sasa fikiria kifyatulio kinachohitaji nguvu ya kilo mbili na nusu. Kwenye bastola nyepesi kidole kinavuta nguvu iliyo mara tano au zaidi ya uzito wa kitu kilichoshikwa, na lazima kitu hicho kitikisike. Kwenye bastola ya kilo moja yenye kifyatulio cha kilo moja na nusu, mtutu hubaki mahali pake hata kama mkono wa mwanafunzi bado ni mchanga. Wanaotunga kanuni za mashindano wanalijua hilo: katika shindano la kimataifa la mita 25 kwa bastola ya .22, ambalo wanawake wameshindana kwenye Olimpiki tangu 1984, bastola haizidi gramu 1,400 na kifyatulio hakipungui gramu 1,000.

Wapo watakaosema bastola nzito inachosha. Ni kweli, inachosha, na dawa yake ni kupiga risasi tano, kuiweka mezani, kupumzika, kisha kurudi.

Hatua ya tano: vilengeo

Kilengeo cha mbele na cha nyuma vikiwa mbali, kosa hupungua. Tuchukue kosa la milimita 1 la kutovipanga sawasawa. Bastola ambayo vilengeo vyake vimeachana milimita 200 itapeleka risasi sentimita 5 nje ya lengo kwa umbali wa mita 10; ambayo vimeachana milimita 130 itaipeleka karibu sentimita 8. Chagua pia kilengeo cha nyuma kinachoweza kurekebishwa kwa bisibisi, kwa sababu kila aina ya risasi hupiga mahali pake, na mwanafunzi hapaswi kujifunza kulenga pembeni ili apate katikati.

Hatua ya sita: aina zilizopo

Kwa kazi hii napendelea bastola za shabaha ambazo mtutu wake umefungwa imara kwenye mwili. Ruger ilianza kuuza yake mwaka 1949, nayo imekwenda ikiboreshwa hadi Mark IV ya 2016, ambayo hufunguka kwa kitufe kimoja. Za kabla yake ni imara sana, ila kuzifungua na kuzirudisha ni kazi iliyowatoa jasho wengi. Browning Buck Mark, ya tangu 1985, ina kifyatulio kizuri kutoka kiwandani. Smith & Wesson SW22 Victory nayo ni ya mwaka 2016, na mtutu wake hubadilishwa kwa urahisi. Walther P22 na Glock 44 zinafaa mwenye mkono mdogo, au anayejiandaa kuhamia bastola kubwa yenye umbo kama lake, lakini zinadai subira zaidi kwa sababu ya wepesi wake. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ni nzuri kwa asiyeweza kuvuta slaidi, ilimradi mwanafunzi afundishwe kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, maana kuifyatua bila kuivuta hivyo kunahitaji nguvu nyingi mno kwa anayeanza.

Kama ni ya mitumba, mulika mtutu na utazame ndani kama kuna kutu au uvimbe, kisha uangalie ukingo wa chemba. Ukiona kishimo kidogo pale pini inapogonga, bastola hiyo imefyatuliwa kavu, yaani bila risasi, kupita kiasi, na itakuwa ikikwamisha maganda.

Hatua ya saba: ijaribu kwa risasi mbalimbali

Bastola za .22 huchagua risasi kama mtoto anavyochagua chakula. Chukua aina tatu au nne, piga tano tano ukiwa umeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, na uandike matokeo kwenye karatasi zenyewe. Usitafute ya kasi kubwa. Yenye kasi ya kawaida, karibu mita 325 kwa sekunde kama ilivyoandikwa kwenye boksi, mara nyingi hukusanya matundu vizuri zaidi. Ukipata inayopendwa na bastola yako, ishikilie hiyo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisumu: Shikamoo Mwalimu. Risasi ikikataa kuwaka, naruhusiwa kuitoa mara moja?

Marahaba, ndugu yangu. Hapana. Uwache mtutu ukielekea shabahani na uhesabu sekunde 30, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Kisha toa magazini, fungua slaidi na uiondoe. Nimewahi kumshika kijana kifundo cha mkono akiigeuza bastola kuitazama pembeni, nasi wengine tumesimama upande huo huo. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa, kwani kichwa huenda kimekwama mtutuni, na risasi itakayofuata inaweza kuupasua. Kwa kuwa uko Kisumu, naongeza jambo moja: usiihifadhi bastola ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu wa ziwa, na kutu huanza pale usipopaona.

Mwanachama wa Rongai: Bastola yangu hukwama risasi ya pili au ya tatu. Fundi anasema magazini imeharibika.

Kabla ya kuitupa, Mzee, itazame unavyoijaza. Ganda la .22 lina ukingo unaojitokeza, na kila risasi ya juu inapaswa kuweka ukingo wake mbele ya ukingo wa iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, zinashikana na haziendi. Huku kwetu vumbi la kiangazi nalo huchanganyika na nta ya risasi likawa kama ulimbo, kwa hiyo ifungue magazini uisafishe kila baada ya siku ya uwanjani.

Mwanachama wa Nakuru: Naweza kufanya mazoezi nyumbani bila risasi?

Isome kwanza karatasi ya kiwanda, dada. Baadhi ya bastola za .22 zinaruhusu kufyatuliwa kavu, nyingine pini yake hugonga chuma cha chemba na kukiharibu, na hizo huwekewa risasi bandia. Risasi za kweli zibaki zimefungwa chumba kingine. Kisha umwombe mtu akuwekee sarafu ya shilingi juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele, nawe uvute kifyatulio polepole. Sarafu isipoanguka mara kumi mfululizo, kidole chako kimejifunza.

Mwanachama wa Eldoret: Je, hii itanitosha kwa ulinzi wa nyumba?

Siwezi kukushauri hivyo, kaka. Risasi yenye tabia ya kukataa kuwaka si ya kuitegemea wakati wa hatari, na suala la ulinzi lina sheria na mafunzo yake.

Mwanachama wa Njoro: Mwalimu, mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Niendelee na mazoezi?

Pumzika hadi ujifungue, mama, na umweleze daktari wako kwamba umekuwa ukienda uwanjani. Fataki na vichwa vya .22 hutoa vumbi la madini ya risasi, ambalo humdhuru mtoto tumboni, na vizuia sauti unavyovaa wewe yeye hana. Sisi wengine tunanawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo za uwanjani zinafuliwa peke yake. Ukiwa nyumbani fanya lile zoezi la sarafu, na nafasi yako ya Jumamosi tutakuwekea.