Kuchangisha Umma Fedha za Utafiti: Kuanzia Swali hadi Taarifa ya Mwisho

Mwaka 2016 mwanaastronomia wa Marekani, Tabetha Boyajian, aliuomba umma dola 100,000 kupitia Kickstarter, jukwaa la mtandaoni la kuchangisha fedha, ili alipie muda wa darubini za Las Cumbres, ambazo zimetawanywa katika mabara kadhaa. Alitaka kuitazama kwa mwaka mzima nyota moja, KIC 8462852, ambayo mwanga wake ulikuwa ukififia kwa vipindi visivyotabirika, mara nyingine hadi asilimia 22, bila mtu kujua sababu. Watu 1,762 walichanga dola 107,421. Mwezi Mei 2017 nyota ilififia darubini zikiwa zinaitazama, na Januari 2018 matokeo yakachapishwa: mwanga wa buluu ulipungua zaidi ya mwekundu, jambo linaloashiria vumbi laini badala ya kitu kikubwa kinachoziba mwanga wote. Anayetaka kuchangisha fedha za utafiti wake ana mengi ya kujifunza hapo, hata kama hajawahi kugusa darubini.

La kwanza ni swali. Watu wa kawaida hawachangii fani; wanachangia kitu wanachoweza kukiona akilini. Mwaka 1921, wanawake wa Marekani wakihamasishwa na mwandishi wa habari Marie Mattingly Meloney walichanga takriban dola 100,000 kwa ajili ya Marie Curie, na kilichotajwa hakikuwa "maendeleo ya fizikia" bali gramu 1 ya radiamu, metali inayotoa mionzi. Kwa hiyo usiandike kwamba unatafiti magonjwa ya mihogo. Andika kwamba utapima sampuli 200 za majani kutoka vijiji vinne ili kujua kama virusi vya michirizi ya kahawia vinaweza kugunduliwa kabla mkulima hajaona dalili. Sentensi hiyo msomee mtu asiye wa fani yako, na akishindwa kukueleza upya kwa maneno yake, irekebishe kabla ya kuendelea.

Hapa ndipo kuchangia utafiti kunapoachana na harambee tuliyoizoea. Mchango wa harusi au wa karo una mwisho unaoonekana: harusi imefungwa, mtoto yuko darasani. Utafiti unaweza kufanywa kwa uaminifu wote na kurudi na jibu kwamba hakuna kilichoonekana. Boyajian hakuahidi kufumbua fumbo, aliahidi kutazama. Nawe ahidi kazi itakayofanyika na data itakayokusanywa, na useme wazi tangu ukurasa wa kwanza kwamba jibu linaweza kuwa "hapana". Anayeahidi tiba ili apate mchango amejifunga kamba ambayo sayansi haiwezi kumfungulia.

Kabla ya kuomba hata shilingi moja, maliza suala la vibali. Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti wa afya huhitaji pia idhini ya kimaadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kenya utakwenda kwa tume ya sayansi ya huko, NACOSTI, na Uganda kwa baraza la sayansi, UNCST. Kufungua kampeni kwanza na kutafuta kibali baadaye ni kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa sababu kamati ya maadili ikikutaka ubadilishe mbinu, utakuwa umeshapokea fedha za kazi ambayo huruhusiwi kuifanya kama ulivyoitangaza. Vilevile zungumza mapema na ofisi ya fedha ya taasisi yako kuhusu akaunti itakayopokea michango na makato watakayotaka. Fedha za umma katika akaunti binafsi huzaa maneno, hata mikono ikiwa safi.

Bajeti ifuate, na ionyeshe kila kitu kwa bei yake: vitendanishi (kemikali za kupimia), nauli, posho ya wasaidizi, ada ya maabara, gharama ya kuchapisha. Ada za jukwaa ndizo zinazowatega wengi. Tuseme kazi inahitaji shilingi milioni 5, jukwaa linakata asilimia 8 na mpitishaji malipo asilimia 3. Wengi huongeza asilimia 11 na kuomba 5,550,000, kisha wanapokea 4,939,500 na kupungukiwa. Njia sahihi ni kugawanya milioni 5 kwa 0.89, nayo inatoa takriban 5,618,000.

Katika kuchagua jukwaa, angalia kwanza kama linaweza kukulipa ulipo, kwa kuwa majukwaa mengi ya Marekani hulipa akaunti za nchi chache. Experiment, lililoanza mwaka 2012 kwa jina la Microryza, ni la sayansi pekee. M-Changa la Kenya hupokea michango kwa simu. Kickstarter na Experiment hufuata kanuni ya yote au hakuna: usipofikia lengo, mchangiaji hakatwi kitu. Kanuni hiyo inaonekana kali, lakini naiunga mkono, kwani nusu ya fedha mara nyingi hainunui nusu ya utafiti. Wanafunzi wasijione wadogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia kampeni zaidi ya 700 za Experiment, ulionyesha kwamba wanafunzi na watafiti chipukizi walifanikiwa zaidi kuliko wakongwe.

Umma wenyewe hutayarishwa kabla ya siku ya kufungua. Orodhesha watu wanaokufahamu, kuanzia walimu, uliosoma nao, jamaa, hadi wakulima au wagonjwa wanaoguswa na swali lako. Waandikie mmoja mmoja, na uwaombe wachange siku ya kwanza. Mgeni akikuta sufuria tupu hupita. Akikuta wengine wametangulia husimama kusoma. Ujumbe mmoja uliorushwa katika makundi yote ya WhatsApp hauwezi kufanya kazi hiyo.

Fedha zikiingia, toa taarifa kwa tarehe ulizozitaja, hata mwezi ambao hakuna jipya isipokuwa mashine kuharibika. Wachangiaji wa Boyajian walishirikishwa hadi kuchagua majina ya vipindi vya kufifia, na cha kwanza kikaitwa Elsie. Mambo yakikwama, sema. Kampuni ya Planetary Resources ilichangiwa takriban dola milioni 1.5 mwaka 2013 kwa ajili ya darubini ya anga ya ARKYD, ikakosa fedha za kukamilisha, na mwaka 2016 ikatangaza kusitisha mradi na kuwarudishia watu michango yao. Taarifa yako ya mwisho iwe na matokeo kwa lugha ambayo wachangiaji wanaisoma, mahali data ilipohifadhiwa, hesabu ya matumizi ikilinganishwa na bajeti ya mwanzo, na kiasi kilichobaki pamoja na kile kitakachofanyiwa.