SOMO: Kufuga mbwa Mtwara bila kugombana na mtaa

Wakuu, nimechoka kujibu swali lilelile kila wiki. Naandika mara moja.

1. Mtoto wa mbwa usimchukue kabla hajafikisha wiki 8.

2. Mpe dawa ya minyoo. Chanjo ya kichaa akifika miezi 3, halafu kila mwaka. Kadi itunze.

3. Banda liwe kivulini, maji yasikauke. Jua la huku mnalijua.

4. GETI. Hapa nakaa kidogo. Dume langu nilikuwa namfungulia saa nne usiku, namfungia alfajiri. Siku moja nikapitiwa na usingizi, na geti nilikuwa nimelizuia kwa tofali tu. Mzee jirani akapita kwenda msikitini, kanzu nyeupe, udhu keshatia. Mbwa akamrukia, meno kwenye kigimbi. Natoka na kikoi kiunoni nakuta vijana wana mapanga. Naulizwa kadi: chanjo imepitiliza miezi minne. Sindano zote nililipa mimi. Mzee alisema tu, "Mwanangu, fungia mbwa wako." Bora angenitukana.

Kwa hiyo: komeo, si tofali. Mfungie KABLA ya adhana. Aking'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Si mafuta ya taa, si pilipili. Na mbwa msimuue, mfungieni siku 10.

5. Hutaki watoto? Mhasi. Kuwatupa kwenye mikorosho ya watu si ufugaji.

MASWALI

– Mkuu, chanjo anaanza lini?
Hatua ya 2.

– Nina dawa ya kupulizia mikorosho ilibaki, nimwogeshee kupe?
Utaua kupe na mbwa. Nenda duka la dawa za mifugo.

– Wangu mpole, hajawahi kung'ata. Komeo la nini?
Wangu naye alikuwa hajawahi.

– Kaka, ahsante kwa somo. Hizo siku 10 ni za nini?
Swali zuri, dada. Kichaa kikishaingia kwenye mate, mbwa hamalizi siku nyingi: anaugua, anakufa. Akipita siku 10 mzima, maana yake siku aliyong'ata hakuwa na kichaa kwenye mate. Ukimuua, ushahidi umebaki kwenye ubongo, mpaka upimwe maabara. Ila aliyeng'atwa asisubiri hizo siku, sindano aanze leo. Dalili zikishatokea kwa mtu, ni nadra mno kupona.

– Mimi niko Masasi. Wangu kila siku anapindua sufuria la maji.
Kata dumu la lita 20, lichimbie chini nusu. Hapindui tena.

– Nimechimbia mkuu. Sasa bata wa jirani ndio wanaogea humo.