Vile unaweza kufuatilia Kiswahili kinavyobadilika Nakuru

Usianze kwa kuuliza watu ati "wewe huongea Kiswahili gani", watakupea kile cha shule na urudi nyumbani bila kitu. Chagua kitu kimoja kidogo chenye watu husema kwa njia mbili. Mimi ningechukua "yuko" na "ako", juu zote utazisikia kwa barabara moja.

Enda soko la Wakulima, tafuta kibanda chenye mwenyewe ametoka kidogo, uliza jirani: "Na mwenye hizi nyanya?" Hapo hujasema yuko wala ako, yeye ndiye atasema "ako hapo nyuma" ama "yuko hapo nyuma". Halafu jifanye hujasikia, uliza tena. Hiyo mbinu ni ya William Labov, mtafiti wa lugha Mmarekani, 1962 alizunguka maduka matatu ya New York, la ghali, la kati na la bei ya chini, akiulizia vitu vyenye alijua viko ghorofa ya nne, juu jibu kwa Kiingereza ni fourth floor na alikuwa anawinda hiyo r, yenye wengine huko huitamka na wengine huiacha. Duka la ghali ndilo r ilisikika zaidi, na mtu akirudia jibu alikuwa anachunga ulimi.

Ukishasonga kando andika haraka: jibu la kwanza, la pili, mama ama mzee ama kijana, umri wa kukisia, anauza nini. Jina acha. Ukitaka kurekodi sauti omba ruhusa kwanza. Na tafadhali usimrekebishe mtu, ukimrekebisha mmoja kibanda chote kitaanza kuongea na wewe kama kwa mtihani.

Rudia kwa steji na kwa benki.

Usikimbilie kusema "ni kabila". Mtoto wa Mluhya aliyekulia mtaa wa Bondeni na marafiki Wakikuyu mara nyingi huongea kama hao marafiki kuliko mamake, kwa hivyo uliza alikulia wapi na hushinda na nani. Na vijana wakisema ako, wazee yuko, bado hujui kama lugha inabadilika, inawezekana kijana akipata kazi ya ofisi atarudi kwa yuko. Tafuta kanda za zamani za harusi ama mahubiri, usikie vijana wa wakati huo waliongea aje, ulinganishe na vijana wa saa hii.

Ukimaliza beba swali lilelile hadi soko la Kibuye, Kisumu, lakini salimia kwa Kiswahili tangu mwanzo, ukianza na Dholuo utajibiwa Dholuo.