Jinsi ya kuchagua manyoya ya mshale wa krosibo ukitumia chembe pana, hatua kwa hatua

Wakuu, machalii wanaokuja kufyatua tageti na sisi kule Usa River wananiuliza kitu kilekile kila mara: mbona mshale ukiwa na ncha ya mazoezi unapiga palepale, ila ukifunga chembe pana, ile ncha ya kuwindia, unaanza kwenda unakojua wenyewe? Wengi wanakimbilia kulaumu darubini au krosibo yenyewe, ule upinde wa kulala wenye kifyatulio kama bunduki. Nenda kaangalie mkiani kwanza.

Mimi ni fundi, niko Sakina, nagusa vitu vingi vidogovidogo, ila miaka kadhaa sasa namfungia manyoya mzee mmoja Mmarekani mstaafu anayeishi Usa River, kila Novemba anarudi kwao kuwinda kulungu wa mkia mweupe na mishale anayobeba ni hii hii tunayoijaribu shambani kwake. Niseme mapema kabisa, hapa kwetu usije ukabeba upinde ukaingia porini, kuwinda bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, sisi huku tunafyatua tageti tu.

Hatua ya 1: elewa mbele na nyuma wanagombana

Chembe pana ina bapa za kukata, na zile bapa hewani ni mabawa. Mshale ukitoka kwa mita 100 kwa sekunde, na krosibo nyingi za siku hizi ziko hapo au zaidi, yale mabawa ya mbele yanataka kuuongoza, na kama mshale umetoka umeinama hata kidogo ndo yanazidi kuuvuta upande. Manyoya ya nyuma kazi yake ni kama mkia wa kishada, yanavuta nyuma mpaka mshale unyooke, af yanauzungusha ili kosa dogo la bapa moja lisiwe linasukuma upande mmoja tu. Kwa hiyo unatafuta manyoya madogo kabisa yanayoweza kuishinda chembe yako. Madogo kwa sababu makubwa mno yanakula spidi na upepo wa pembeni unayabeba.

Hatua ya 2: anza na chembe, manyoya baadaye

Kama chembe yako ni ya bapa za kudumu, zile zisizofunga, unahitaji mkia wenye nguvu. Kama ni ile inayofunguka ikigonga, bapa zimelala wakati wa kuruka, basi inaruka karibu sawa na ncha ya mazoezi na manyoya ya kiwandani mara nyingi yanatosha. Mzee anapenda za kudumu, anasema kitu chenye bawaba siku moja kitagoma tu, mimi sibishani naye.

Hatua ya 3: plastiki au manyoya ya ndege

Plastiki. Manyoya halisi ya bata mzinga ni mepesi na yanasamehe makosa, ila masika yakiloa yanalala chini kama kuku aliyenyeshewa. Ukiyatumia, usichanganye ya bawa la kulia na la kushoto kwenye mshale mmoja, yamepinda kinyume. Niliwahi kwenda Mang'ola kule Karatu, nikakaa na Wahadzabe wakifunga mishale yao kwa manyoya ya ndege na uzi wa mshipa wa mnyama, hakuna gundi ya dukani hakuna jigi, kile kifaa cha kushikilia nyoya likigandishwa, na inaruka imenyooka mpaka unajionea aibu na vifaa vyako. Lakini upinde wao wa mkono hauna reli, ile njia ndefu yenye mfereji ambayo mshale unalala. Krosibo inayo, na ile reli inabadilisha mambo kama utakavyoona hapo chini.

Hatua ya 4: urefu na kimo

Mshale wa krosibo mara nyingi ni inchi 20 au 22. Kwa ncha za mazoezi na chembe zinazofunguka, manyoya matatu ya inchi 2 yaliyosimama juu kidogo yanatosha. Kwa chembe za kudumu mimi naanza na inchi 3, na kama chembe ni pana sana ndo naenda 4 zenye kimo kifupi. Kumbuka uzito, nyoya la plastiki la inchi 2 lina kama greni 6, karibu gramu 0.4, linaonekana si kitu ila yako matatu na yako mwisho kabisa wa mshale, kwa hiyo yanasogeza mizani nyuma.

Mizani unaipima hivi: funga kila kitu, pamoja na chembe, laza mshale juu ya ukingo wa rula mpaka utulie, weka alama. Mshale wangu ni sentimita 51 bila chembe, unatulia sentimita 31.5 kutoka mkiani, nusu ya 51 ni 25.5, tofauti ni 6, gawa kwa 51 unapata karibu asilimia 12 mbele ya katikati. Mimi napenda iwe kati ya 12 na 15. Ikishuka chini ya 10 mshale wa chembe pana unakuwa kichaa.

Hatua ya 5: pembe, na hapa ndo nilipochemka

Unaweza kufunga manyoya yamenyooka, yameinama digrii moja mpaka tatu, au yamejipinda kabisa kama parafujo. Yaliyonyooka kwa chembe pana sahau. Mwaka wa kwanza nikajiona mjanja, nikafunga ya inchi 4 yamejipinda sana, nikawaza yakizunguka zaidi si ndo vizuri. Tukaenda shambani, mita 30, mshale wa kwanza kushoto, wa pili chini, wa tatu sikuuona tena mpaka leo. Mzee akakaa kimya, af akasema, "Kijana, nyoya la chini linapita wapi?"

Kwenye krosibo nyoya moja, lile la rangi tofauti, linakaa chini ndani ya mfereji wa reli. Ukilipinda sana linakwaruza kuta za mfereji kabla mshale haujatoka. Nikarudi nyumbani nikachukua lipstiki ya mama watoto, na hilo nalo lilikuwa na kesi yake, nikapaka ukingo wa nyoya la chini, nikafyatua mara moja. Kwenye reli kulikuwa na mstari mwekundu mrefu kama kidole cha kati, upande wa kushoto tu. Tangu hapo nafunga digrii 2 mpaka 3 za kuinama bila kupinda, na kipimo cha lipstiki nafanya kila nikibadili aina ya manyoya. Reli ikibaki safi endelea.

Hatua ya 6: kufunga

Kwangua manyoya ya zamani kwa kisu butu, usikwangue kaboni yenyewe. Futa kwa spiriti, subiri ikauke, usiguse tena kwa vidole. Kabla ya gundi hakikisha noki, kile kipande cha nyuma ambacho kamba inasukuma, ni aina ile ile kitabu cha krosibo yako kinataka. Kama ni ya nusu mwezi, mfereji wake ulale sambamba na kamba huku nyoya la rangi tofauti likiwa chini. Ukikosea hapo kamba inaweza kuruka juu ya mshale, na hiyo ni sawa na kufyatua mtupu, bila mshale, krosibo inapasuka mikononi.

Weka mshale kwenye jigi, mstari mwembamba wa supagluu, bana, hesabu kama dakika moja. Julai asubuhi na ile baridi ya Arusha mimi naacha zaidi. Ukimaliza yote matatu, tone dogo mbele na nyuma ya kila nyoya, ile ya mbele hasa, ndo inayong'oka kwanza.

Af usiache mishale kwenye gari juani, niliiacha mara moja soko la Kilombero nikakuta manyoya yana mawimbi. Yaliokolewa na maji ya moto, sekunde chache tu, yakanyooka.

Hatua ya 7: pima uzito

Mimi naenda kwa jamaa wa tanzanite, wana mizani midogo mizuri sana. Karati moja ni gramu 0.2, yani greni 3 hivi. Mishale yangu yote naitaka isitofautiane zaidi ya hapo.

Hatua ya 8: jaribu

Kunja kila mshale taratibu usikilize, ukisikia kaboni inalia, tupa. Zungusha mshale wenye chembe juu ya kioo ukiwa umesimamia ncha, ikitetemeka chembe haijakaa sawa na manyoya hayatakuokoa.

Piga ncha za mazoezi kwanza mita 20, 30, 40. Af chembe zenye uzito uleule, mshale mmoja kwa kila doa, ukipiga wa pili palepale unapasua noki. Gunia la matambara linafaa kwa mazoezi tu, chembe inalikata, tumia foam ngumu ya kupakia friji au TV uibane vizuri.

Chembe zikikusanyika pamoja ila pembeni kidogo, sogeza darubini, manyoya yako ni sahihi. Zikitawanyika wakati ncha za mazoezi zimekaa pamoja, na mtetemo ulishaangalia, hapo ongeza mkia: toka inchi 2 nenda 3, au toka digrii 1 nenda 3, kimoja kimoja, usibadili vyote siku moja. Mishale ya mzee ya mwaka huu ni inchi 3, digrii 2, na kwa mita 40 chembe zake za kudumu zinaingia ndani ya kisahani cha chai. Ule wangu uliopotea mwaka ule bado uko mahali kwenye mahindi yake.