Kabla ya kushuka katikati ya Nairobi, andaa macho

Anayekuja mjini mara ya kwanza hukumbuka chaja, nauli na kitambulisho. Macho huyasahau, ilhali ndiyo yatakayomrudisha steji jioni simu ikizima. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, chagua alama moja kubwa utakayoishika siku nzima. Wageni wangu huwa nawaambia washike jumba la mikutano la KICC: lina ghorofa 28, limesimama pale tangu 1973, na umbo lake la mviringo hulikosei ukiliona juu ya mapaa. Jua mapema liko upande gani wa steji yako.

Alama kama hiyo ina kazi kubwa kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Mwaka wa 1971, John O'Keefe, akiwa London, alionyesha kwamba panya ana seli humo zinazoamka akifika mahali fulani tu, kila moja na mahali pake. Baadaye watafiti walibandika kadi nyeupe kwenye ukuta wa boma la duara alimozoea panya. Walipoihamisha kadi upande mwingine, mahali pa kila seli napo pakazunguka kuifuata. Ramani nzima ilikuwa imefungwa kwenye kitu kimoja ambacho jicho lilikiamini. O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2014 pamoja na May-Britt na Edvard Moser, waliogundua seli nyingine zinazopima nafasi.

Basi alama ikihama, unahama nayo. Shangazi yangu alipokuja kutoka Kitui alishika mwavuli wa buluu wa mama muuza maembe, kwenye kona ya kuingilia steji. Saa kumi na moja jioni mama alikuwa ameshafunga. Pale mwavuli ulipokuwa pamebaki maganda na kreti tupu, na mtaa mzima ukamgeukia mgeni. Alizunguka karibu saa nzima, steji iko hatua chache tu. Bado inaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia "utaona tu". Usishike matatu, hata iwe imechorwa vipi, wala meza ya mitumba. Shika sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, jengo la Archives (hifadhi ya nyaraka za taifa), minara ya Msikiti wa Jamia.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi: kila unapokata kona, sogea pembeni, kumbatia mkoba, geuka utazame ulikotoka. Njia ya kurudi ina sura yake. Kibao ulichokisoma ukienda kitakuwa mgongoni mwako ukirudi, na ubongo hauwezi kutambua sura ambayo haujawahi kuonyeshwa.

Jua litumie asubuhi na jioni. Saa sita mchana hapa kwetu karibu na ikweta vivuli ni vifupi mno, tena Juni jua huelemea kaskazini na Desemba kusini.

Usiku wa kuamkia safari, chora kwa mkono: steji, KICC, unakokwenda. Mistari mitatu inatosha. Na ukipotea, muulize mlinzi wa mlangoni kwa alama: "Samahani kaka, nikiipa Archives mgongo, steji ya Country Bus iko mkono gani?"